Bei ya Gari Uliloliosha Miaka Tisa

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini mkono wangu haujui kukuandikia bila kuanzia hapo.

Juzi, nikitoka kazini Kipevu, nililiona gari la bwana wako, yule Mzungu uliyekuwa dereva wake. Lilikuwa Changamwe, kwenye uwanja wa fundi mmoja aitwaye Salimu, limepandishwa juu ya mawe, magurudumu mawili hayapo. Rangi ile ya maziwa uliyokuwa ukiisugua kwa kitambaa cha kanzu kuukuu imekuwa kama majivu. Nililitambua kwa mkwaruzo wa mlango wa kushoto, ule wa mkokoteni uliokukosesha chakula siku nzima. Linauzwa. Salimu alitaka shilingi mia tatu. Nilimwambia nitarudi, nikaondoka haraka kama mtu aliyeiba.

Kabla sijakueleza nilichofanya, inanibidi nirudi kwenye siku ile ambayo mimi na wewe hatukuizungumza mpaka ukaondoka.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi jioni? Bwana wako alikaa huku kwetu Likoni, karibu na Shelly Beach, na kila siku ulimvusha kwa feri kwenda ofisini kwake mjini ukamrudisha. Ukishamshusha, uliliegesha gari kando ya kisima chetu, ukateka ndoo baada ya ndoo, ukalala chali ukaliosha tumbo. Majirani walipita wakikutania. "Athumani, hata bibi harusi haogeshwi hivyo!" Nawe ukajibu ukiwa huko huko chini, "Bibi harusi haoshwi chumvi. Huyu avuka bahari kila siku." Mimi nilikaa kizingitini na kitabu changu cha shule. Ulinifundisha kugonga bati kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Bati zima hulia wazi, ulisema, na lililooza hulia zito.

Kisha habari za uhuru zikawa habari za kila siku, na bwana wako akaamua kurudi kwao. Gari akataka kukuuzia wewe kwanza, kwa shilingi elfu mbili. Wewe ulikuwa nazo, kiinua mgongo na akiba yako yote. Ungelifanya teksi ya hapa Likoni, na safari ya kwanza, ulisema, Mama angekaa kiti cha nyuma umpeleke kwao Msambweni. Ukaniita. "Wewe umesoma. Njoo ulitazame, uniambie linafaa bei hiyo au halifai."

Baba, niliogopa. Nilikuwa na miezi mitatu tu katika ukarani, kila karatasi niliipitia mara nne. Nikaona akiba yako ya maisha inakwenda kwenye chuma chakavu na mimi ndiye niliyesema ndiyo. Nikaja na daftari. Nikafungua kila mlango, nikaandika kila mkwaruzo, bwana wako amesimama barazani anatazama saa yake. Nikainua zulia la mpira mbele ya kiti cha dereva, nikagonga. Likalia zito. Kulikuwa na kiraka kikubwa kilichopakwa lami.

Sikukuuliza wewe. Nilimgeukia yeye, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba sakafu imeoza, na fundi mbabaishaji ameiziba ili ubovu usionekane.

Alikuja akainama. "Athumani! Nani nafanya hii?"

"Mimi, bwana."

"Kwa nini hapana sema?"

"Kulitunza ilikuwa kazi yangu, bwana."

Akafikiri kidogo, akasema basi, elfu moja na mia mbili. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikutazama kama mtoto anayengoja alama zake. Ulikuwa unaufunga mlango wa gari taratibu, kama ulivyoufunga siku zote. Ukasema, "Kwa bei hiyo silitaki."

Njiani nilikuwa nikikukimbilia nyuma. "Baba, nimekuokolea mia nane!" Hukugeuka. Ulisema tu, "Mwanangu, nimelala chini ya gari lile miaka tisa. Wadhani silijui?"

Gari likachukuliwa na mfanyabiashara wa makaa wa Changamwe. Wewe ukawa mtu wa kukaa nyumbani. Kifua kikakubana, na masika yaliyofuata hayakukukuta. Mara nyingi nilisimama mlangoni kwako na neno la kuomba radhi mdomoni, nikaogopa, nikakuuliza kama unataka chai.

Jana nikarudi kwa Salimu. "Karibu, bwana karani! Mia tatu, halafu tuzungumze." Nikaomba kulitazama. Sakafu ya upande wa abiria haipo tena, Baba, majani yameotea ndani. Nyuma kumeliwa na kutu kote. Nikainua zulia mbele ya kiti cha dereva, na kiraka chako kiko pale, skrubu zote mahali pake. Niliona ukingo wake. Ulikuwa umekata bati la pipa, ukaliweka juu ya sakafu ya zamani, na katikati ukajaza lami ya kuzuia chumvi. Nikagonga. Likalia zito vile vile. Halikuwa limeoza siku ile. Lililia zito kwa sababu lilikuwa nene. Hata somo ulilonifundisha mwenyewe nililishika nusu.

Nikasimama. "Nalichukua. Mia tatu."

Salimu akanikodolea macho. "Mia tatu? Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Ndugu yangu, umeona nini humu ambacho mimi sikukiona?" Akaingiza mkono chini ya kiti, akapapasa. "Kama kuna kitu, bei yabadilika. Mia nne!"

"Haya, mia nne."

"Wallahi huyu ana wazimu! Bishana basi kidogo, wanitia hofu!"

Ndipo nikamwonyesha. Nikamwambia kiraka hiki alikitia baba yangu. Akapiga magoti, akakigonga, akakisikiliza kama ulivyosikiliza wewe. "Alikuwa fundi?"

"Dereva."

"La. Huyu alikuwa fundi." Akapangusa mikono, sauti ikampungua. "Sikiza, mia tatu ilikuwa ya kubishaniwa. Kwako wewe, lete mia na hamsini."

Sikujua nitasema nini mpaka niliposikia nimeshasema. "Kwa bei hiyo silitaki."

Nikamhesabia mia tatu zote mkononi.

Leo asubuhi tumelivusha Likoni juu ya lori, likashushwa hapa uani. Injini haiwaki, nami kuendesha sijui. Ofisini watu wanabadilishwa kila wiki na sijui mwezi ujao nitakuwa wapi. Kwa hesabu yoyote ya karatasi, gari hili halifai mia tatu. Mama alitoka na upawa mkononi, akalitazama. Kisha akaenda ndani akavaa buibui lake, akarudi, akafungua mlango wa nyuma, akakaa wima akikitazama kiti chako. Nami sikuthubutu kuketi mbele.

Ulipouliza linafaa au halifai, hukuwa unauliza habari za gari. Miaka tisa ya mikono yako ililetwa mbele ya mwanao aliyesoma, aitazame, aseme inafaa. Neno moja tu, na sikulisema. Nalisema leo, Baba. Linafaa. Lilifaa elfu mbili zote.

Mama alipoingia ndani kuswali adhuhuri, nilivua shati la kazi, nikateka maji kisimani, ndoo baada ya ndoo, nikalala chali chini yake. Lilikuwa limevuka bahari.

Pumzika, Baba. Nisamehe mahali ulipo.

Mimi mwanao wa kwanza,
yule wa daftari.