Jiwe la Mlangoni

Kaka yangu mpendwa Marwa,

Nimekaa jikoni kwangu hapa Kenyamonta, mahindi yanachemka, na nina neno ambalo wa kumwambia ni wewe tu. Ule ukuta wa mawe kule mlimani, tulikochungia ng'ombe wa tata, Mungu amrehemu baba yetu, umekwisha. Kanisa limeuchukua. Na mimi nilikuwepo, nikabeba.

Ngoja nikueleze, usinikasirikie huko ulipo.

Unakumbuka ile likizo uliyokuja na kitabu chako cha kufundishia historia, ukawa unatusomea huku tunapukuchua mahindi? Ulitusomea habari za mji wa zamani sana kwenye bonde la mto Indus, huko Asia. Nyumba za matofali ya kuchoma, yote kipimo kimoja. Visima. Mifereji ya maji machafu imepita mitaani, tena imefunikwa. Nikakuuliza, "Mfalme wao nani?" Ukasema ikulu yake haijaonekana. Hekalu je? Nalo wataalamu hawana hakika. Waliandika nini? Waliandika, ila mpaka leo hakuna anayeweza kusoma. Nilicheka mpaka punje zikamwagika.

"Sasa mwalimu mzima, hilo si boma kubwa tu? Ustaarabu gani hauna mfalme wala nyumba ya Mungu?"

Ukanirushia gunzi. "Bhoke wewe! Mtu amefikiria maji yake machafu yasiingie kwa jirani, halafu unamwita mshenzi?"

"Sijasema mshenzi. Nimesema boma."

Kesho yake ukanipandisha mlimani. Ukanionyesha kitu nilichokipita utoto wangu wote bila kukiona: chini ya ukuta, kitundu kilichofunikwa jiwe pana, ili mvua ikinyesha, maji ya zizi yatokee upande wa mtoni, yasiende kwenye nyumba za wengine. "Na hawa waliojenga hapa hawakuandika," ukasema. "Na hawa hawakuwa na mfalme. Haya, waite unavyotaka." Nikakujibu kwamba hata mchwa wanachimba mifereji. Ulinuna mpaka ugali ukaletwa.

Wakati tunanawa ndipo ukaniambia mwisho wa ule mji. Ulikaa maelfu ya miaka, halafu wajenzi wa reli wakaja wakachukua matofali yake, wakayatandika chini ya reli. "Hawakuwa watu wabaya," ukasema. "Walihitaji matofali."

Kaka, kanisa letu limekuwa dogo. Watu wanasali nje, mvua ikija akina mama wanalowa na watoto mgongoni. Jengo jipya nimeliombea mimi mwenyewe, kwa kufunga. Kamati ikapanga kila kaya ilete mawe siku ya Jumamosi. Ya mtoni ni mbali. Ya mlimani yapo, tena yamekwisha pangwa. Nikasimama nikasema, "Jamani, yale ni ya wazee wa zamani."

Mzee Nyamhanga, mwenyekiti wetu, akaniuliza kwa upole tu, "Mama Robi, wazee gani? Majina yao unayo?"

Sina.

"Kuna kaburi pale? Kuna maandishi?"

Hakuna.

Mama mmoja nyuma akadakia, "Mwacheni, anataka tukaabudie huko juu!" Kanisa zima likacheka, na mimi nikacheka nao, kwa kuwa maswali yenyewe yalikuwa yale yale niliyokuuliza wewe. Wewe ungeyajibu. Mimi niliishia darasa la saba. Nilijaribu kueleza habari ya maji na majirani, nikajikuta nimesema, "Pale kuna kitundu." Kitundu! Wakacheka tena. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, kaka. Walihitaji mawe.

Zamu ya nyumba yangu ikafika. Ningekataaje? Ni nyumba ya Mungu. Nikajitwika. Lile jiwe pana la kitundu chako fundi alilipenda sana, "Hili la mlangoni hili, mama, angalia lilivyonyooka." Ndilo tunalokanyaga sasa tukiingia ibadani. Wengine wanafutia matope. Mimi nalivuka bila kulikanyaga. Mchungaji ameona, akaniuliza kama goti linaniuma. Nimesema ndiyo.

Nikipiga magoti namshukuru Mungu kwa kanisa, na namshukuru kweli. Halafu unanijia wewe na gunzi lako. Sijui niombe nini. Kwamba mawe yarudi? Yameshikwa na saruji. Juzi baada ya mvua nilipanda kule. Maji yanapita popote yanapotaka, yanateremka na udongo mwekundu hadi kwenye shamba la jirani.

Basi nimekubali. Ule mji wako wa mbali ulikuwa ustaarabu, na hawa wa kwetu nao walikuwa nao. Siku ile ulikuwa unataka nikubali kidogo tu, nikakunyima kwa utani. Leo nimekubali lote, na wewe husikii. Na mtu mwingine akiniuliza, nitampeleka wapi nimwonyeshe?

Pumzika kwa Bwana, kaka. Ukikutana huko na wenye ule ukuta, wape shikamoo yangu, uwaulize majina yao. Uniwekee mpaka nije.

Mdogo wako,
Bhoke