Ramani Iliyokuwa Ndani ya Mashine ya Kabula

Jumatatu, 3 Novemba
Nimelima mpaka saa nne, mgongo ukagoma. Nikaenda Kharumwa kwa mjukuu wangu Kabula, mwenye chumba cha kompyuta. Mtandao wa huku unakokota, kwa hiyo ana mashine inayobakiza nakala ya kila ukurasa unaofunguliwa. Humo tumeikuta ramani ya kwanza ya mgodi. Mpaka unapita nje ya shamba langu! Ofisini kwa mgodi walishaiondoa mtandaoni, wakaweka nyingine inayomeza shamba lote na kaburi la mzee wangu. Ijumaa kuna kikao na watu wa mgodi. Watanitambua.

Jumanne, 4 Novemba
Umeme umekatika mara mbili. Betri imeokoa, lakini imechoka. Kabula anasema nakala zote ziko kwenye kumbukumbu ya muda, mashine ikizimika zimepotea. Mbona hukuweka kwenye diski, mvivu wewe? Ati kumbukumbu ina kasi, wateja hawapendi kusubiri. Akataka aipige picha ile ramani kwa simu. Nimemkataza. Wale mabwana wa mgodi niwapelekee kipicha kama cha harusi? Nataka ukurasa wenyewe, kwenye diski.
"Bibi, sijawahi kufanya hiyo."
"Basi fanya."

Jumatano, 5 Novemba
Amebadilisha. Mstari mmoja tu: palipoandikwa kumbukumbu akaandika diski, na ukubwa wake. Haishiki mpaka uwashe upya. Akaniangalia. Nikasema washa, nakala zitahamia diski.
Diski tupu. Haikuhamia nakala hata moja. Kumbe amebadilisha mahali pa kuweka vitakavyokuja, vilivyokuwepo vimefutika. Akafungua ukurasa ule tena, ikaja ramani mpya kutoka ofisini. Hiyo ndiyo diski imeitunza, vizuri kabisa.
Nimemtukana mbele ya wateja wake, wachimbaji. Matusi ya mama yake pia, ambaye ni mwanangu.

Alhamisi, 6 Novemba
Sikula.

Ijumaa, 7 Novemba
Kikaoni bwana wa ramani akauliza, "Mama, ushahidi uko wapi?" Nikasema niliiona kwa macho yangu. Wakaandika kitu. Watu wa nyuma wakacheka.
Kabula akasimama. "Nilifuta mimi." Nami nikamwachia lawama, na uzee wangu huu. Shamba limekwenda. Tuhamishe na kaburi, wamesema.

Jumamosi, 8 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Sikupanda. Kabula amekuja, shikamoo, marahaba, akaketi kwenye kigoda akamenya viazi.
Nikamwambia, "Ulisema tupige picha."
"Ndiyo, Bibi."
Akaendelea kumenya.