Shimo la Tatu

Jumatatu, 8 Septemba
Jiografia vipindi viwili vya mwisho. Mwalimu Kioko aliandika ubaoni, tukanakili. Malengo. Mbinu. Kisha Matokeo. Safari yenyewe ni Alhamisi. Tunakwenda Makueni kuona bwawa la mchanga: ukuta uliojengwa kukata mto mkavu, ili mchanga ujae nyuma yake na maji yabaki ndani ya mchanga. Matokeo yanasema maji yanapatikana kwa kina cha sentimita arobaini. Tumeandika hayo tukiwa bado hapa Mwingi.

Nilitaka kuinua mkono. Sikuinua. Mwalimu alisema hufanywa hivi kila mwaka kwa sababu tukifika huko hakuna muda, basi lazima lirudi kabla ya giza. Kidato cha tatu kizima kikanakili. Mimi niliacha ukurasa wa Matokeo mtupu. Hakuna aliyeona.

Jumatano, 10 Septemba
Kundi la Nne: mimi, Halima na Mutua. Nimefanywa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na siongei. Mutua atabeba fimbo ya chuma ya kupimia. Ameshaigeuza mkuki. Halima anataka kitu kimoja: alama ishirini kwa thelathini. Wanaopata ishirini na zaidi ndio watakaopanda basi la Tsavo wikendi ya tarehe ishirini, walale Mtito Andei, waone ndovu.

Mimi pia nataka. Nimesoma habari za ndovu tangu darasa la tatu na sijaona hata mmoja. Nataka sana.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimechoka. Naandika leo kabla sijaanza kulainisha mambo.

Tulifika saa nne. Mwenyekiti wa kamati ya bwawa alitupokea vizuri, akaomba dua ndefu, akatupeleka kwenye shimo lililo karibu na ukuta. Maji safi, karibu juu kabisa. Ukiinama unayagusa. Darasa likapiga picha. Mwalimu akapima: thelathini na nane. Akafurahi. Karibu na arobaini, akasema.

Kundi letu lilipewa mashimo matatu ya juu, mbali na ukuta, ambako watu wa pale huchota. Yamezungushiwa miiba ili mbuzi wasiingie. Shimo la kwanza: maji kwa mita moja na kumi. La pili: mita moja na arobaini, maji ya matope. La tatu Mutua alisukuma fimbo mpaka mkono wake ukagusa mchanga. Mita moja na nusu. Halima alishika futi ya kupimia. Fimbo ilitoka kavu.

Kando ya hapo kulikuwa na alama za magurudumu ya malori. Mapana, mengi, yameingia mtoni na kutoka.

Mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani alikuwa ameketi juu ya jerikeni tupu akisubiri shimo la pili litoe maji. Nilimsalimu kwa Kikamba, nikamwita mwaitu, yaani mama, ndipo akanijibu. Nikamwambia kule ukutani kuna maji mengi. Akacheka.

"Yale yalikuja na punda asubuhi. Jerikeni sita. Wageni wanapenda kuona maji."

Nikamuuliza kwa nini wanafanya hivyo.

"Hatuwezi kuwaonyesha wageni shimo kavu, ni aibu. Lakini shule ya mwaka jana iliandika maji yapo. Na ile ya mwaka juzi. Sasa nani atakuja kuuliza malori yanapeleka wapi mchanga wetu?" Akaangalia daftari langu. "Wewe unaandika nini?"

Nilimwonyesha. Sijui kama anajua kusoma. Aliangalia muda mrefu.

Katika basi niliwaambia wenzangu nitaandika tulichopima. Mutua akasema, "Mwende, siku zote hizi umenyamaza, unaamua kuongea leo?" Watu wakacheka. Nilitazama dirishani mpaka Kitui mjini.

Ijumaa, 12 Septemba
Nilikwenda hadi ofisi ya walimu. Nilisimama mlangoni dakika kumi nzima. Mwalimu Kioko si mtu mbaya. Alinisikiliza. Kisha akasema mwenyekiti ni rafiki wa shule, na tukiandika hivyo mwaka ujao tutapokelewa wapi. Akasema mashimo yetu yako mbali na ukuta, hayahesabiki. Niandike ya ubaoni.

Mbona basi alitutuma tuyapime? Swali hili lilinijia nikiwa nimeshafika bomba la maji la shule. Daima maswali yangu yananijia nikiwa nimeshafika bombani.

Jumapili, 14 Septemba
Nimeandika ripoti. Kurasa nne. Punda na jerikeni sita. Shimo la kwanza, la pili, la tatu. Malori. Punda na jerikeni sita. Mwenyekiti sikumtukana, niliandika tu nilichoambiwa. Halima alisoma baada ya ibada yetu, nje ya duka la baba yake, akanirudishia haraka kama kitu cha moto.

"Toa jina langu. Na la Mutua."

"Futi ulishika wewe."

"Nimesema toa, Mwende."

Nimetoa. Wao watapeleka ya kwao, ya arobaini. Nina hasira naye. Pia ninamwelewa, na hilo linanikera zaidi.

Jumanne, 16 Septemba
Leo makatibu tuliambiwa tusome ripoti mbele ya darasa. Sauti ilitoka ndogo. Mtu wa nyuma akasema, "Redio haina betri." Nikaanza upya, kwa nguvu. Nilipofika kwenye punda walicheka. Nilipofika shimo la tatu waliacha.

Mwalimu akasema niketi. Nikasema bado ukurasa mmoja. Mimi nilisema hivyo. Nikausoma wote.

Alhamisi, 18 Septemba
Kumi na moja kwa thelathini. Kwa kalamu nyekundu: Hukufuata maagizo. Jina langu halimo kwenye orodha ya basi.

Mama amekasirika. Anasema nikaombe msamaha, bado kuna siku moja, mwalimu ni mzazi pia, atanisamehe. Nikamuuliza nimwombe msamaha wa nini. Akasema wa kujifanya mjuzi. Sitaomba. Nimelia, ndiyo, kwenye mto wa kulalia ili dada asisikie. Kulia na kuomba msamaha ni mambo mawili.

Jumamosi, 20 Septemba
Basi liliondoka alfajiri. Nililisikia likipiga honi barabara ya Garissa. Nikafua nguo za shule. Nikafua na za dada.

Ningeandika yale yale tena.

Jumatatu, 22 Septemba
Wamerudi. Darasa zima ni ndovu, ndovu. Nilisoma kitabu wakati wa mapumziko, au nilikishika.

Halima alikuja akaketi kwenye benchi langu. Hakuleta habari za Tsavo na sikuuliza. Alikuwa na ripoti yao, ile iliyopata ishirini na nne.

"Shimo la kwanza lilikuwa mita moja na ngapi?"

"Na kumi."

"La pili?"

"Na arobaini."

La tatu hakuuliza. Aliweka rula kwenye ripoti, juu ya ile arobaini ya ubaoni, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika vipimo vyote vitatu kando kwa wino. Kengele ikalia. Alibaki pale akipuliza wino ukauke.