Mashimo Tuliyoacha Kuchimba Rejaf

Jumanne, Juba

Hatukuchimba, na nimeridhika.

Leseni yetu ya kutafuta dhahabu inaturuhusu, ila mkaguzi wa wizara alitaka tuwasikilize wenyeji wa Rejaf, nje ya mji, kwanza. Mama Keji, mkulima aliyekulia ukimbizini Uganda, akatuonyesha makaburi mawili kando ya shamba lake.

“Hapa nalala watoto yangu. Nyinyi nataka chimba wapi?”

Bosi akaanza kuitaja leseni. Nikamkatiza: “Mimi ndiye mwanajiolojia wako. Hapa sichimbi.”

Mkaguzi akaniunga mkono, akalitoa eneo hilo kwenye ramani.

Njiani bosi aliendesha gari kwa kasi. Nikajua kazi yangu imekwisha. Tulipokaribia mjini akasema, bila kunitazama, “Mwanangu nilimzika Kisumu. Kesho tupime upande mwingine.”