Kiwanda cha Magari ya Umeme na Chumba cha Mama Veronica

CHAMA CHA WASWAHILI, KUSINI MWA STOCKHOLM
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumapili, 16 Novemba 2025
Mahali: Sebuleni kwa Bi Béata, Tumba

Waliohudhuria:
1. Bw. Eliakim – Mwenyekiti
2. Bw. Damas – Katibu (mpishi wa meli mstaafu, bandari kumi na saba, hakuna asikojua)
3. Bi Béata – Mjumbe, mhudumu wa wazee
4. Bi Nyokabi – Mjumbe
5. Bw. Evodius – Mwanachama, mtoto wa Mama Veronica

Waliokosa: Bw. Goodluck (yuko zamu kiwandani), Bw. Ludovic (bila taarifa, kama kawaida yake).

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:20 mchana badala ya saa 7:00. Sala ilifupishwa kwa sababu Bi Nyokabi alikuwa ameshaanza kuongea.

KUMB. NA. 2/11/2025: BARUA YA MANISPAA
Mwenyekiti alisoma barua ya manispaa ya Almviken. Ilieleza kwamba nyumba ya wazee anamoishi Mama Veronica itafungwa tarehe 1 Desemba kwa kukosa fedha. Wajumbe walikumbushwa fedha zilikokwenda. Ili kukivutia kiwanda cha magari ya umeme, manispaa iliuza ardhi kwa bei ya kutupa, ikajenga barabara, ikavuta umeme mkubwa kwa mkopo. Kiwanda kiliahidi ajira elfu moja na mia tisa. Sasa wenye kiwanda wameahirisha ujenzi mpaka soko litulie. Barabara ipo, ina taa nzuri kuliko za Rotterdam (Katibu amefika huko), na inaishia kwenye uzio. Ajira iliyopatikana hadi leo ni ya Bw. Goodluck, anayelinda huo uzio.

Bi Béata alieleza kwamba Mama Veronica, miaka 84, ana ugonjwa wa kusahau. Kiswidi alichokiongea miaka arobaini kimemtoka chote, kimebaki Kiswahili. Pale alipo, wahudumu watatu wanamwelewa, Bi Béata akiwa mmoja wao. Anakopelekwa ni treni mbili na basi, na hakuna hata mmoja anayejua Kiswahili. Bi Béata alipopewa pole kwa notisi ya kuachishwa kazi alisema, "Mimi nitapata pengine. Mama atampata nani?"

KUMB. NA. 3/11/2025: BARUA YETU SISI
Bi Nyokabi alitoa kwenye mkoba mpango wa kiwanda ambao manispaa ilitutumia mwaka juzi kuomba maoni, kurasa 140. Alionyesha ukurasa wa 87, panaposema nyumba ya wazee itafungwa iwapo gharama zitazidi. Kisha akatoa barua ya Chama, iliyosema tunaunga mkono mpango wote kwa mikono miwili.

"Wewe Damas, uliusoma huu mpango?"
Katibu alijibu kwamba aliusoma.
"Wote?"
Katibu alijibu kwamba alisoma mwanzo na mwisho, kama mtu mzima mwenye shughuli zake.
"Na hapo katikati?"
Katibu aliomba maji.

Baada ya maji Katibu alieleza kwamba kwetu mtu akisema anajenga hupewa hongera, na hakuna anayepeleka pingamizi harusini. Ndiyo maana tuliandika hongera, na siku ya jiwe la msingi tukapeleka sambusa mia mbili. Bi Nyokabi alisema sambusa zililiwa, na Mama akauzwa. Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Hakufuta.

Mwenyekiti alikiri kwamba barua aliisaini bila kuuona mpango. Bw. Evodius alisema, "Kaka Damas, sikulaumu. Nilipiga makofi kuliko wote. Nilikuwa nimeomba kazi huko." Katibu angeona afadhali atukanwe.

Kuhusu rufaa ya kupinga kufungwa kwa nyumba ya wazee, Mwenyekiti aliarifu kwamba muda wake ulikwisha Septemba. Ilikubaliwa tuandike hivyo hivyo. Katibu ataandika, Bi Nyokabi atasoma kila ukurasa kabla haijatumwa. Hakuna mjumbe aliyesema itasaidia.

KUMB. NA. 4/11/2025: KARATASI YA UKUTANI
Bi Béata alipendekeza tuwaandikie wahudumu wa huko Mama anakopelekwa karatasi ya kubandika ukutani juu ya kitanda: maneno ya Mama kwa Kiswahili, na maana yake kwa Kiswidi. Ilikubaliwa. Yaliandikwa: maji, baridi, msalani, nina njaa, asante, naumwa.

Bw. Evodius aliomba "naumwa" lifutwe. Alisema mama yake hajawahi kulitamka, hata alipovunjika nyonga. Akizidiwa na maumivu huuliza, "Watoto wamekula?" Asipojibiwa huuliza tena, mpaka achoke.

Bi Nyokabi alitoka, akarudi baada ya muda.

Katibu aliuliza kama hilo nalo liingie kwenye karatasi. Mwenyekiti alisema liingie, tena liwe la kwanza. Limeandikwa hivi:

"Watoto wamekula?" – Ana maumivu makali. Mwambieni: "Wamekula, Mama, wameshiba." Kisha mwiteni daktari.

Kikao kilitumia nusu saa kutafuta jinsi ya kuwaandikia Waswidi matamshi ya "wameshiba".

KUMB. NA. 5/11/2025: KUFUNGA KIKAO
Mengineyo hayakuwepo. Wajumbe waliachana saa 11:05 jioni bila sala, kwa kuwa hakuna aliyejitolea kuiongoza.

Mwenyekiti: Eliakim ……………… (amesoma yote)

Katibu: Damas ……………… (naye pia, na katikati)