Maneno ya Mjomba na Vidole Vyako

Mjukuu wangu Mwanaidi, mke mwenzangu,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana ukianza salamu zako humalizi. Anayeandika ni jirani yangu mama Rehema. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapamba. Atakayetaka kuisoma barua hii, aisome.

Unakumbuka vidole vilipoanza kukuvimba? Asubuhi ulishindwa hata kufunga kanga. Nikasema uvivu. Nikasema tena, maji ya mtoni hayo. Nilikosea mara mbili. Hospitali ya mjini wakasema baridi yabisi, ile inayokula viungo, wakakupa dawa. Kisha daktari akakuuliza, "Nyumbani kuna nini kinachokusumbua?" Nikamdakia: "Daktari, tumeleta vidole, hatujaleta moyo." Akacheka. Akasema mawazo siyo yaliyoleta ugonjwa, ila yanaweza kuuamsha, na dawa usiache. Akataka uandike kila siku unayovimba na kilichotokea kabla yake.

Kinachokusumbua tulikijua wote. Kwetu Waluguru shamba hufuata upande wa mama, na lile la mdalasini lilikuwa la marehemu mama yako. Mjomba wako, mwanangu niliyemzaa mwenyewe, alitaka kuliuza. "Mikono ile italima nini?" Ndivyo alivyokuwa akiniambia, nami kila jioni nakubebea maneno yake yote, siachi hata kikohozi. Nilidhani nakupigania.

Wewe uliandika kwenye daftari. Mimi sikusoma shule, nikafunga mafundo kwenye kamba ya mgomba: dogo siku unayosikia maneno ya mjomba, kubwa siku unayovimba. Miezi miwili. Tulipoinyoosha ile kamba barazani, mara nyingi dogo lilitangulia, kubwa likafuata. "Bibi," ukasema polepole, "mjomba alikuja kwangu mwenyewe mara mbili tu. Haya mengine ni wewe." Nikanyanyuka kwenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Siku ya kikao cha ukoo ulisimama, goti limevimba, umeshika ukuta. "Mjomba, nikishindwa kulima nitaweka kibarua. Shamba la mama haliuzwi. Na ukiwa na neno, njoo uniambie mwenyewe, usimpe bibi." Kisha ukanigeukia mbele ya watu wote: "Na wewe bibi, usiniletee tena." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikawaringia wanawake bombani: mmemsikia mjukuu wangu? Hata mimi kaninyamazisha, na hajawahi kutokea mtu wa kunifanya hivyo.

Shamba ni lako, wazee walikubali. Sasa unafundisha shule huko Dakawa, na unasema vidole bado vinavimba, ila siyo kama zamani. Dawa unameza? Usinidanganye. Nimezaa saba, nimezika watatu, sijaona mtu ambaye mifupa inamuuma akasimama wima kama wewe. Najivuna, Mungu anisamehe, najivuna sana.

Mjomba wako alipita hapa Jumatano. Alikaa sana, akasema mengi. Mama Rehema ameshika kalamu ananitazama, anangoja niyataje ayaandike.

Hayaandikwi. Lala vizuri, mke mwenzangu.

Ni mimi bibi yako, mzaa mama