Filimbi Tatu Nyuma ya Kicheko Chako

Mogitu, Hanang
Jumatano, 21 Januari 2026

Rafiki yangu Samira,

Pokea salamu za Mogitu, ambako mvua inanyesha tangu Jumapili na nyasi zimeanza kufika magotini. Mimi ni mzima, na nyumbani wote ni wazima. Bibi anakohoa kidogo asubuhi, lakini akishakunywa maziwa ya moto kikohozi kinaisha na maneno yanaanza. Sijui wewe, kama joto la Dar es Salaam umelizoea au bado unalala sakafuni kama ulivyosema. Mfikishie shangazi yako shikamoo yangu. Mwambie ni yule Scolastica aliyemkuta dukani kwenu Katesh akashindwa hata kutaja jina lake.

Barua hii anakuletea kaka Musa, ambaye anapanda basi kesho alfajiri. Nimemwomba akupe mkononi kabla ya Jumamosi, na amecheka sana, amesema tangu lini watoto wa siku hizi wanaandikiana barua. Najua swali lako ulilituma kwa simu na lilitaka jibu la maneno machache. Lakini simu ni ya ndugu yangu Tito. Ujumbe wako wa sauti ulipoingia aliufungua lamboni mbele ya wachungaji wenzake, wakausikiliza wote huku ng'ombe wakinywa maji. Tito akasema Samira wa dada yangu amekuwa mtu wa pwani, akirudi huku ataomba kijiko cha kunywea maziwa. Mwenzake akasema kwanza arudi. Walicheka, na mimi nikaangalia chini kama kawaida yangu. Baadaye nilimwomba simu nikaenda nayo nyuma ya banda la mbuzi, nikasikiliza peke yangu. Kusema kwenye simu siwezi, unanijua, sauti yangu hupotea. Kalamu angalau inanisubiri.

Nimesikiliza kila ulichotuma tangu uondoke. Naweza kukusimulia safari zako mwenyewe. Mnapanda bajaji asubuhi hadi Kunduchi bahari ikiwa imekupwa, tope limebaki wazi mpaka mbali, mnavua viatu na kuingia. Umesema ndege ni wengi hadi tope lenyewe linaonekana kama linatembea. Siku nyingine mko pale mto Msimbazi unapoingia baharini, magari yanapita darajani nyuma yenu, na madereva wanawapigia honi wakidhani mmepoteza kitu. Umesema Madam Sikuzani, mwalimu wenu wa ndege, amewaeleza kwamba wengi wa ndege hao wamekimbia majira ya baridi huko Ulaya na mbali zaidi, ambako maziwa yameganda mpaka watoto wanatembea juu yake. Hapo Bibi alikuwa amekaa karibu, akasema hata hapa kwetu maziwa yanaganda kila siku, lakini hajawahi kuona mtoto mpumbavu wa kutembea juu yake. Nilimweleza kwamba ni maziwa kama ziwa letu la Balangida. Akasema basi hao ndege wana akili.

Nilifurahi kusikia habari hizo. Nimeandika hivyo kwa sababu barua huandikwa hivyo. Ukweli ni kwamba niliona wivu, Samira. Niliuonea wivu mguu wako uliokuwa ndani ya tope la bahari. Niliionea wivu bajaji. Darubini uliyosema inakuacha na alama puani, hata alama hiyo niliionea wivu, nikaenda kwenye kioo cha Mama kutazama pua yangu jinsi ilivyo tupu.

Unakumbuka jinsi tulivyoanza. Ilikuwa Desemba ile tope la mlima liliposhuka Katesh, likaingia dukani kwenu mpaka kwenye rafu ya sabuni, na baba yako akakuleta kwetu ukae mpaka shule zifunguliwe. Tulikuwa tumemaliza kidato cha pili. Mvua ikinyesha ulikuwa hulali, na mimi sikujua maneno ya kumwambia mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo asubuhi nilikuchukua twende kuchunga ndama upande wa ziwani, kwa sababu ukitazama ziwa, mlima unakuwa mgongoni na huuoni. Huko tuliwakuta wale korongo weupe wenye miguu myekundu, wametua malishoni wanakula viwavi. Ulikaa ukawatazama mpaka ukasahau kuuliza kama mawingu yanakuja. Kesho yake ndiwe uliyeniamsha mimi.

Majina tuliwapa sisi wenyewe, wawili, bila kitabu. Yule mdogo wa ufukweni mwenye mdomo mwembamba ulionyooka tukamwita Sindano. Yule anayefanana naye sana, ila mdomo wake ni mnene kidogo na umepinda kwenda juu, tukamwita Mwalimu wa Zamu, kwa sababu akishtuka anapiga filimbi mara tatu, na ndege wote wanainua vichwa kama wanafunzi waliochelewa mstarini. Ulicheka mpaka ndama wakakimbia. Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu tope.

Halafu mwezi wa kumi na moja, tulipomaliza mtihani wa kidato cha nne, Madam Sikuzani akaja na gari la kikundi chao kutafuta msichana mmoja wa huku wa kwenda kujifunza kuhesabu ndege pwani. Alitusimamisha ufukweni mwa ziwa akatuambia tuwahesabu korongo waliokuwa ng'ambo. Wewe ulinyoosha kidole ukahesabu kwa sauti, watano watano, kama unavyohesabu maboksi yakishushwa kwenye lori la baba yako. Mimi mikono yangu ilikuwa nyuma. Nilitaka kuinyoosha, Samira, haki ya Mungu, lakini haikuja. Kwetu kiumbe hai hanyooshewi kidole akahesabiwa. Jioni Baba husimama kwenye mlango wa zizi, ng'ombe wakapita, na mwisho anamtaja kwa jina yule ambaye hajaingia. Hajui ana ng'ombe wangapi, au anajua na hasemi. Hakuna aliyewahi kunifundisha sheria hiyo. Siku ile ndipo niliikuta ikiwa ndani ya mikono yangu.

Madam aliniuliza kwa upole, na wewe binti umepata wangapi. Nilichoweza kumjibu ni kwamba yule mwenye mguu mbovu leo hakuja. Alitabasamu, akasema asante, akageuka. Nilikuwa nyuma ya gari nilipokusikia ukimwambia kwamba mimi ndiye ninayewajua, wewe unapiga kelele tu. Naye akakujibu kwamba hakatai, ila kazi yao inataka namba. Hakukosea. Pwani huwezi kuwaambia watu nani hajaja bila kusema wamekuja wangapi. Kwa hiyo ulikwenda kwa haki yako, na wivu wa siku ile ulikuwa mdogo, kama kijiwe kwenye kiatu. Niliweza kutembea nao.

Sasa nije kwa Angela.

Mwanzoni ulisema kuna msichana mwingine, wa Tabata, mnayefundishwa naye. Vizuri. Halafu Angela ana kitabu cha ndege chenye picha za rangi. Angela amekufundisha kuchuchumaa kwenye tope bila kuchafua sketi. Angela anatembea na mwavuli na mnakaa chini yake wote wawili. Angela amesema hivi, Angela amecheka vile. Nyumbani hatuhesabu viumbe hai kwa kidole, lakini jina lake katika jumbe zako nimelihesabu, na kwa kidole. Na wiki mbili zilizopita ukasema kwa furaha kabisa kwamba umempa yale majina yetu, na kwamba sasa Angela naye anasema Sindano, anasema Mwalimu wa Zamu. Ulidhani nitafurahi. Nilirudisha simu kwa Tito, nikaenda kukamua, na ng'ombe akanipiga teke kwa sababu nilimbana. Ng'ombe yule hana kosa.

Ndipo Ijumaa likaja swali lako. Ulinitumia picha ya ndege mmoja wa Kunduchi, ukaeleza kwamba wewe unasema ni Sindano na Angela anasema ni Mwalimu wa Zamu, na mmebishana mpaka Madam amekataa kuwaamulia, amewaambia mjifunze kuamua wenyewe. Ukasema Jumamosi hii kila mmoja wenu atasimama mbele ya kikundi kizima aonyeshe ndege aliyempiga picha mwenyewe na kumweleza, nawe utamweleza huyohuyo, na kwamba baada ya hapo Madam atachagua mmoja abaki huko mwaka mzima kuwatembeza wanafunzi ufukweni. Asiyechaguliwa anarudi kwao. Ukamwambia Angela, nilikusikia, kwamba Scola wako ndiye atakayeamua. Halafu ukaniambia mimi kwamba nikinyamaza utajua uko sahihi, maana ungekuwa umekosea ningeshakurekebisha.

Picha ni mbaya, Samira. Ndege yuko mbali, mdomo umefichwa nusu na bawa, na kwa picha ile hata mimi ningesema Sindano. Lakini ujumbe wa sauti uliurekodi palepale topeni. Mnabishana, Angela anakuita mbishi, unamwita mwanafunzi wangu wewe, mnaanza kucheka wote wawili. Niliurudia mara nyingi. Sikuwa natafuta ndege. Nilikuwa natafuta kama kicheko hicho ni kile cha ziwani au ni kingine. Ni kilekile. Na nyuma yake, mbali kidogo, kuna filimbi tatu. Halafu unasikika ukisema, ona, umemfukuza.

Kwa hiyo nilijua jibu siku hiyohiyo ya Ijumaa, nyuma ya banda la mbuzi. Nimekaa nalo mpaka leo. Mama alipouliza kama Samira amejibiwa nilisema Tito hana vocha, na Tito alikuwa na vocha.

Nataka nikueleze kwa nini, na usikunje barua kabla hujamaliza. Kwanza sikutaka Angela awe sahihi kwa kinywa changu. Hilo ni dogo, na ungenicheka nami ningecheka. Lakini kuna la pili. Niliwaza kwamba nikinyamaza, Jumamosi utasimama mbele ya watu wote useme Sindano kwa sauti yako ile ya dukani, na mmoja wa wakubwa atasahihisha, na Madam atamchagua mwingine. Utapanda basi. Utashuka Katesh ukiwa na aibu, na mtu mwenye aibu huwa anakuja kwetu, tunakwenda naye ziwani, mlima ukiwa mgongoni. Nilikupangia kuanguka kwako, Samira, nikakupangia na mahali pa kukaa ukishaanguka. Nilipanga hadi ndama wa kwenda nao.

Nilidhani naonea wivu bahari. Ningepewa bahari hiyo leo, nikasimama peke yangu kwenye tope la Kunduchi na darubini mpya, sijui ningefanya nini. Ninayemwonea wivu ni mtu anayekaa nawe chini ya mwavuli.

Bibi ndiye aliyenifanya niandike, ingawa sikumwambia kitu. Jana asubuhi alinikuta nimekaa tu na ndoo tupu. Akaniuliza kama yule mtoto wa Bashiri, yaani wewe, bado anaogopa mvua. Nikasema sijui, huko pwani hakuna mlima. Akasema basi hapo alipo analala. Halafu akaanza habari nyingine ya ndama. Lakini mimi nilibaki palepale. Tangu ile Desemba mpaka unaondoka, mvua ikinyesha ulikuwa unanipigia simu ya Tito. Mwaka huu imenyesha tangu Jumapili na hukupiga.

Basi hili hapa jibu. Angela yuko sahihi. Ni Mwalimu wa Zamu. Usitazame picha, sikiliza ujumbe wako mwenyewe pale mnapocheka, nyuma ya kicheko utasikia filimbi. Jumamosi usiwaeleze picha tu, wasikilizishe na sauti hiyo, kisha uwaeleze kwa nini tulimwita hivyo. Sema kwa sauti kubwa. Ukichaguliwa ubaki, ubaki.

Wasalimie wote wa nyumbani kwa shangazi, na Madam Sikuzani umpe shikamoo. Baba, Mama, Bibi na Tito wanakusalimu. Tito anasema anatania tu, kijiko hutahitaji. Msalimie na Angela. Sentensi hiyo nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena, kwa hiyo ukiona karatasi imechakaa hapo usidhani ni mvua.

Korongo bado wako, wengine wameanza kuzunguka juu kama wanaojaribu njia. Yule mwenye mguu mbovu amerudi. Jioni Baba anaposimama mlangoni mwa zizi akimtaja ambaye hajaingia, mimi husimama nyuma yake nikakutaja wewe, kwa sauti ndogo, ile unayoijua.

Ni mimi rafiki yako,
Scolastica Gidabuday